Kadi ya maua ya stampu: chagua wino kwanza, ua litakuja baadaye

Wengi wakitaka kuanza kutengeneza kadi za maua kitu cha kwanza wanatafuta ni stampu, yaani muhuri wa raba wa kuchapia mchoro, yenye ua zuri, halafu wananunua pedi ya wino yoyote ile iko karibu, halafu wanachukua rangi zile mtoto aliacha kwa meza, na hapo ndio kazi inaharibikia, manake ukipitisha brashi tu mistari inaanza kukimbia na ua lote linageuka doa. Mimi nawaambia watu wageuze huo mpango. Jiulize kwanza utapaka rangi na nini. Ukishajua hiyo utajua wino gani wa kupigia, ukijua wino utajua karatasi gani, na ua lenyewe ni la mwisho kabisa, kwanza huku kwetu Kisumu maua yako kila mahali, kuanzia hibiskasi za ua wa nyumba pale Milimani mpaka gugu maji lililoelea Dunga.

Sheria yenyewe ni fupi. Penseli za rangi na kreyoni hazina maji, kwa hivyo karibu wino wowote ukishakauka unaelewana nazo. Rangi ya maji inataka wino ambao ukikauka maji hayausogezi tena. Maka za spiriti, zile zinanuka kama sanitaiza, zinataka wino ambao spiriti haiusogezi, na hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa, juu kuna ule wino mkali wa kupiga kwa plastiki na chuma, unavumilia maji vizuri sana, lakini wenyewe umetengenezwa kwa kemikali za jamii hiyo hiyo ya spiriti, maka ikiupitia unayeyuka na kuchafua mpaka ncha ya maka yako. Kwa maka za spiriti mara nyingi wino wa dai (dye), wenye maji ndani, ndio mzuri.

Kuhusu aina za wino, ziko mbili utakutana nazo sana. Wino wa dai unaingia ndani ya karatasi na unakauka haraka, lakini jua linaufifisha mapema. Wino wa pigimenti ni mzito, unakaa juu ya karatasi, unachelewa kukauka, rangi yake inakolea na inavumilia jua zaidi. Lakini usiamini tu yale yameandikwa kwa kasha. Piga stampu mara mbili kwa kipande cha karatasi ile ile utakayotumia, acha ikauke kabisa, moja pitisha kidole chenye maji, nyingine pitisha maka. Ile haijasogea ndio ndoa yako. Hiyo ni kazi ya dakika chache na inaokoa karatasi za pesa.

Na pedi ya ofisi, ile ya zambarau? Watu huidharau sana na mimi naipenda. Ni kweli nyingi zinakimbia kwa maji, lakini kukimbia huko ndiko unataka ukitengeneza jakaranda ama ua la gugu maji. Piga stampu na zambarau ya ofisi kwa karatasi nzito, chukua brashi ndogo yenye maji safi tu, hakuna rangi, gusa mstari wa ndani wa petali halafu vuta kuelekea katikati ya petali. Wino unaachilia kidogo kidogo, kwa mstari inabaki zambarau nzito, ukienda mbele inafifia mpaka inakuwa hewa tu. Hujanunua rangi yoyote na petali imepata kivuli chake. Kama umewahi kuona barabara za Nakuru mwezi wa kumi jakaranda zikiwa zimemwaga maua chini, ni rangi hiyo hiyo. Tahadhari moja tu, kadi ya hivyo usiiweke dirishani, itapauka.

Stampu utaitoa wapi

Stampu za maua za dukani zipo, za raba nyekundu zilizobandikwa kwa mbao na zile za kuonekana ndani kama gilasi ambazo unazibandika kwa kipande cha akriliki, ile plastiki ngumu ya kuonekana ndani. Za kuonekana ni rahisi kulenga juu unaona mahali unapiga. Lakini kabla hujaagiza mbali, kumbuka karibu kila mji wetu uko na fundi wa mihuri, yule anatengenezea shule na sacco mihuri yao, amekaa kibanda kidogo karibu na saiba ama duka la vitabu. Huyo fundi anaweza kukutengenezea ua. Mashine yake haijui tofauti ya jina la kampuni na petali.

Shida ni kwamba hajazoea hiyo kazi, kwa hivyo mpelekee mchoro ulio tayari. Chora kwa kalamu nyeusi kwa karatasi nyeupe kabisa, mistari tupu, usiweke kivuli cha penseli juu mashine haielewi kijivu, inataka nyeusi ama nyeupe. Mstari usiwe mwembamba kuliko nusu milimita, ukiwa mwembamba sana unakatika ama haushiki wino. Petali ziache wazi ndani, hiyo nafasi ndio utapaka rangi, na mahali mistari inakutana, kama pale petali zinaingia kwa moyo wa ua, usiisonge sana juu itajaa wino na kuwa doa. Upana wa sentimita sita ama saba unatosha kwa kadi ya kawaida. Usimgeuzie mchoro, kugeuza atafanya yeye. Na mwambie mapema hutaki ile ya kujipaka wino yenyewe ndani, atakuuliza "Sasa madam, hii utatumia na pedi gani?" juu amezoea za ofisi, mwambie unataka raba peke yake utabandika kwa kipande cha mbao. Hivyo unaweza kubadilisha rangi ya wino kila siku, na bei inashuka pia.

Uchore nini? Chora kile umeshika mkononi. Chuma ua uliweke kwa meza, uangalie. Pareto ya Molo iko na petali nyeupe nyembamba zimezunguka moyo wa njano, hilo ni ua rahisi kuliko yote kwa mtu anaanza. Gugu maji pamoja na shida zote limeletea Ziwa Victoria, ua lake ni zuri ajabu, petali sita za zambarau hafifu, na ile ya juu peke yake iko na doa la zambarau nzito na jicho la njano katikati. Watu wengi wanaosafiri na boti kila siku hawajawahi kuliangalia hilo jicho. Bogenvilia nayo, kile unadhani ni petali za waridi ni majani tu, ua lenyewe ni kale kadogo keupe ndani, ukikachora na ukikaacha keupe kadi inaonekana imetengenezwa na mtu anayejua mmea.

Kama fundi yuko mbali, chonga mwenyewe na raba kubwa ya kufutia. Chora kwa karatasi na penseli laini, laza karatasi juu ya raba uso ukiangalia chini, sugua na ukucha mpaka mchoro uhamie. Umegeuka, na ndio sawa, ukipiga utarudi vile ulichora. Kata kile hutaki kibaki na kisu kidogo chenye ncha ama wembe uliofungwa selotepu upande mmoja, na kila ukikata laza kisu kiangalie nje ya mstari ili chini ya mstari kubaki pana. Ukichimba chini ya mstari utakatika siku ya pili ya kupiga.

Halafu kuna bamia. Kata bamia katikati kwa upande, iache ikauke utelezi kidogo kwa tishu, gusisha kwa wino na upige. Inatoa kaua ka pembe tano na mashimo ya mbegu ndani, na ukitumia zilizo ndogo na kubwa unapata shada lote. Petali unaweza pia kuzikata kwa mkasi kutoka kwa patipati iliyokatika, unabandika kwa kifuniko cha chupa, hiyo inapiga petali nzima iliyojaa rangi, si mistari. Stampu za mistari ni za kupaka rangi ndani, za kujaa ni za kupanga rangi juu ya rangi. Changanya zote mbili, ua la mistari mbele na majani ya kujaa nyuma.

Karatasi na kukunja

Hapa sitakaa sana. Manila ni nzuri kwa mwili wa kadi na kwa penseli, lakini brashi yenye maji ikiisugua inatoa manyoya. Rangi ya maji inataka karatasi ya gramu 300 hivi, hiyo ni ghali, kwa hivyo usitengeneze kadi nzima nayo. Kata A4 ya manila nusu, upate vipande viwili vya A5, kila kimoja ukikunja kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148 ambayo inaingia kwa bahasha ya C6 bila kusukumana. Halafu ile karatasi nzito ya rangi ya maji ikate vipande vya 95 kwa 138, A4 moja inakupa vinne, upake rangi hapo halafu ubandike mbele ya kadi, inabaki mpaka wa milimita tano kuzunguka. Faida ya pili ni kwamba ukiharibu, umeharibu kipande, kadi bado ni nzima.

Karatasi ya rangi ya maji mara nyingi iko na upande wenye vinundu na upande laini zaidi, piga stampu kwa ule laini. Weka pia gazeti lililokunjwa chini ili karatasi ibonyee kidogo, stampu itagusa kila mahali.

Kabla ya kukunja manila, ijaribu kwa kuipinda polepole huku na kule bila kuivunja, upande mmoja utapinda kwa urahisi, huo ndio upande wa nyuzi zake na ukikunja kwa kuufuata mkunjo unakuwa safi haupasuki. Chora mstari wa kukunjia na rula na biro iliyoisha wino, kunja, halafu pitisha mgongo wa kijiko. Na sisi wa karibu na ziwa, wakati wa mvua ndefu karatasi zinajikunja zenyewe na unyevu, ziweke kwa mfuko wa plastiki na kitu kizito juu.

Kupiga

Usichukue stampu ukaigongesha kwa pedi iliyokaa mezani, hasa kama stampu ni kubwa. Geuza, stampu iangalie juu, chukua pedi uiguse-guse juu yake pole pole mpaka iwe imeshika kila mahali. Iangalie ikiwa imeinama kwa mwangaza, pale kunang'aa kuna wino, pale kumefifia ongeza. Piga moja kwa moja chini, bonyeza katikati halafu pembe zote, usiyumbishe, inua wima.

Stampu mpya ya kuonekana ndani huwa inakataa wino, unajikusanya kama matone. Isugue na raba ya kufutia ama sandpepa laini sana, mara moja tu, kidogo, itakubali.

Ukitaka shada, ua la mbele linapigwa kwanza, si la nyuma. Piga ua lile lile pia kwa kikaratasi cha kubandika, kile cha njano cha ofisi, sehemu ile iko na gundi nyuma, likate kwa kufuata mstari, ulibandike juu ya ua la kwanza. Sasa piga la pili likiingiliana na la kwanza bila woga, ukibandua lile karatasi utakuta la pili limejificha nyuma. Endelea hivyo mpaka shada lijae. Majani nayo, piga mara moja kwa karatasi ya taka kwanza, halafu bila kuongeza wino piga kwa kadi, yatatoka hafifu na yataonekana yako mbali. Hiyo ndogo ndio inafanya shada likae na kina.

Maneno yapige sasa, kabla ya rangi. Ukisubiri mpaka mwisho na mkono uteleze, umepoteza kazi ya jioni nzima. Kadi nyingi nazotengeneza ni za saksesi wakati wa KCSE na za pole, na kwa za pole nashauri uweke maneno machache sana, "Poleni sana" inatosha, na nafasi kubwa ndani ya mtu kuandika kwa mkono wake. Ile ya saksesi mtoto ataibandika kwa boksi la shule, weka nafasi ya jina lake mbele kabisa, jina kuandikwa vizuri kunamfurahisha kuliko ua.

Sasa rangi

Hapa ndipo kadi inapatikana. Stampu inakupa mistari tu, na mistari hiyo hiyo anaweza kuwa nayo kila mtu aliyeenda kwa fundi huyo.

Kabla hujashika rangi yoyote amua mwangaza unatoka wapi, juu kushoto ni rahisi, na uweke alama ndogo ya penseli kwa kona ya karatasi ya taka mbele yako ukumbuke. Kila petali, kila jani, giza linakaa upande wa pili na chini pale petali inaingia chini ya nyingine. Na tafadhali usitumie nyeusi kwa kivuli. Nyeusi inaua ua. Njano inatiwa kivuli na chungwa ama kahawia hafifu, waridi inatiwa na nyekundu, nyekundu na zambarau ama kahawia nyekundu. Kijani cha penseli za pakiti za kumi na mbili huwa ni kimoja tu na ni kikali kama rangi ya geti, kwa hivyo anza na njano kwa jani lote, kijani juu yake ukiacha sehemu ya mwangaza, halafu kahawia ama samawati kidogo kwa giza, na ukipitisha nyekundu nyepesi sana juu ya kijani ukali unatulia mara moja. Kutoka penseli nne umepata jani ambalo liko hai.

Penseli. Ichonge iwe kali, shika mbali na ncha ili mkono uwe mwepesi, paka kwa viduara vidogo si kwa mistari ya kwenda na kurudi. Safu tatu nyepesi zinashinda safu moja ya kubonyeza, juu ukibonyeza mapema nta inajaza karatasi na rangi nyingine haishiki tena. Ukimaliza chukua kijiti cha pamba cha masikio, gusa Vaseline kidogo sana, kifute kwanza kwa tishu mpaka udhani hakuna kitu, halafu zungusha juu ya rangi kutoka kwa hafifu ukielekea kwa giza. Mafuta yanalainisha nta, vinukta vyeupe vya karatasi vinafunikwa, petali inakuwa laini kama imepakwa rangi ya maji. Tumia kijiti kipya kwa kila rangi. Mafuta yakizidi yanatokea nyuma ya karatasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kupaka kwa kipande na si kwa kadi yenyewe.

Pareto ndio inasumbua watu hapa, ua jeupe linapakwaje? Hulipaki. Unapaka kile kimelizunguka, kijani ama samawati hafifu nyuma, na ndani ya petali unaweka tu zambarau hafifu ama kijivu hafifu pale karibu na moyo, fupi, theluthi moja ya urefu wa petali, zingine zote ni karatasi. Moyo jaza njano, halafu nukta nukta za chungwa zikizidi upande wa chini. Ukiiweka mbali mita moja utaona moyo umeinuka.

Rangi ya maji. Mfano mzuri ni ua la gugu maji. Lowesha petali moja peke yake na maji safi, ing'ae lakini isiwe na dimbwi. Gusa zambarau pale chini karibu na shina, mara moja, halafu ondoa brashi na uache. Rangi itatembea yenyewe mpaka mahali maji yameishia na itafifia ikielekea ncha. Kishawishi cha kuirudia kurekebisha ni kikubwa, usirudie, ukiigusa ikiwa inakauka inatoa alama mbaya yenye kingo. Ruka petali ya jirani, paka ile inayofuata, juu petali mbili zenye maji zikigusana zinamwagikiana. Zikikauka rudi kwa zile ulizoruka. Petali ya juu ukishapaka acha ikauke kabisa, halafu weka doa la zambarau nzito katikati ukiacha kajicho keupe, na kajicho hako ukatie njano mwisho kabisa. Ukitia njano wakati zambarau bado ni mbichi utapata rangi ya matope.

Maka za spiriti zinafanya kazi haraka na zinapenya mpaka nyuma, weka karatasi ya taka chini na tumia karatasi laini isiyonyonya sana. Nazipendea ua la nandifleimu, lile la chungwa kali linajaza miti ukipita Nandi na Kakamega, watoto wanafinya machipukizi yake kurushiana maji. Paka njano petali yote kwanza. Ikiwa bado mbichi ingiza chungwa kutoka chini ukiacha ukingo wa njano uliokunjamana kuzunguka, halafu nyekundu kwa giza, halafu rudi na chungwa pale nyekundu inaishia uzichanganye, na mwisho njano tena pale chungwa inaishia. Ule ukingo wa njano usiufunike, ndio unatambulisha ua.

Kama huna chochote cha hizo, uko na feltipeni za watoto, zile za maji. Usipake kwa karatasi, paka kwa stampu yenyewe. Chukua mfano wa rozi kama zile za Naivasha, petali nyekundu, majani kijani, shina kijani nzito, yote kwa raba. Zitakuwa zimekauka kidogo ukimaliza, kwa hivyo pulizia pumzi ya joto, ile ya "haaa" unapulizia miwani, mvuke unaamsha wino, na upige mara moja. Rangi zote zinatoka kwa pigo moja, laini, na hakuna pigo mbili zinafanana. Kwa kufundisha watoto wa shule ama kikundi cha kina mama hii ndio njia ya kuanza nayo, juu ndani ya nusu saa kila mtu yuko na kadi mkononi.

Unga wa kuembosi

Kuna wale wanataka mistari iinuke na ing'ae dhahabu. Unapiga na wino wa pigimenti ama ule usio na rangi unaochelewa kukauka, unamwaga unga juu, unakung'uta unaobaki urudi kwa kopo, halafu unapasha moto mpaka unayeyuka na kushikana. Kabla ya kupiga, paka karatasi poda ya mtoto kidogo sana na pamba, la sivyo unga utabaki mahali mikono imegusa. Blodraya ya saluni haifai, inapuliza unga kabla haujapata joto la kutosha, unahitaji ile mashine ya mafundi ya hewa moto, ishike sentimita kumi hivi mbali na isogeze kila wakati. Bila hiyo, shika karatasi na koleo juu ya sahani ya koili ya stima bila kuigusisha, unga ukiwa juu, unaona unageuka kutoka vumbi hadi kung'aa, ondoa hapo hapo. Mtoto asifanye hii peke yake.

Uzuri wake si kung'aa tu. Ile mistari iliyoinuka inazuia rangi ya maji isitoke nje ya petali, inafanya kazi kama matuta ya majaruba ya mpunga kule Ahero, kwa hivyo mtu ambaye mkono wake unatetemeka, mzee ama mtoto, anaweza kupaka rangi ya maji safi kabisa. Embosi kwanza, rangi baadaye.

Karatasi ya gugu maji

Kuna watu Kisumu wanatengeneza karatasi ya mkono kutoka kwa mashina ya gugu maji, na mtu akikupa chache usiziogope. Inanyonya wino sana na iko na nyuzi, kwa hivyo mistari myembamba itapotea na wino wa maji utasambaa. Tumia stampu za kujaa, zile za patipati ama raba yenye mistari minene, na wino wa pigimenti. Maka ya spiriti hapo hapana. Penseli inakubali ukiwa mpole. Na iache kingo zake zilivyo, usizinyooshe na mkasi, ibandike tu juu ya manila ya rangi moja.

Kumaliza

Gundi nyeupe ya maji ikizidi inapinda kipande chako, tumia ya kusugua kama lipstiki ama selotepu ya pande mbili, halafu weka chini ya vitabu mpaka asubuhi. Ukitaka ua moja litokeze, lipige mara ya pili, lipake, likate, libandike juu ya lenyewe na vipande vidogo vya patipati katikati, vyembamba, milimita mbili tatu, zaidi ya hapo bahasha haifungi vizuri na ikienda posta inasagwa.

Stampu zioshe hapo hapo wino ukiwa mbichi, kitambaa chenye maji kinatosha, kwa kona tumia mswaki laini wa zamani na sabuni ya vyombo. Raba ikibaki na rangi ya zambarau usijali, hilo ni doa tu halihami. Petroli na thina usiguse nazo stampu za kuonekana ndani, zinaharibika, na zote zikae mbali na jua juu zinageuka njano na kunata ama kukauka zikapasuka. Pedi zifunike.

Kadi yenye wino wa pigimenti, hasa msimu wa mvua, usiiingize kwa bahasha siku hiyo hiyo hata kama inaonekana imekauka. Iache wazi usiku mzima, kesho yake igusishe na tishu nyeupe pale wino ni mzito zaidi, tishu ikitoka safi ndio uandike ndani na uifunge.